Pumba Kwenye Mlango wa Mbele

Bashiru alikuja kuzinduka akiwa ameshika kichwa cha mama mkwe wake kwa mikono miwili, mchana kweupe, mtaani Makanyagio, mbele ya watu wote wa kijiweni. Alikuwa anakipangusa. Pumba za mpunga zilikuwa zimeruka kutoka kwenye mlango wa gari, zikamjaa yule mama kwenye ushungi, kwenye nyusi, mpaka mdomoni. Akavuta kitasa ashuke, kitasa kikamchezea tu mkononi, maana mlango ule haufunguki kwa ndani. Bashiru akatoka mbio kiti cha nyuma, akamfungulia kwa nje kama kawaida, na hapo ndipo mtu mzima aliyevuka mipaka ya nchi nne akiwa utingo wa malori aliposahau jambo ambalo kwa wakwe zake Kibaoni hata mtoto analijua: mkwe hamgusi mama mkwe. Hampi hata mkono. Humsalimia kwa mbali, ameinama. Ndiyo sababu siku hiyo Bashiru alikaa nyuma, na usukani akampa rafiki yake, ili asikae bega kwa bega na mama wa watu. Heshima yote hiyo, halafu sasa vidole vyake vimo sikioni mwa mama.

— Toa, mama mkwe alisema.

Akatoa. Mama akashuka, akaokota ushungi wake kwenye vumbi, akavuka barabara, akaenda kukaa kibarazani kwa fundi cherehani, uso umeelekea ukutani. Ndani ya gari spika mbili mpya zikaendelea kupiga singeli.

— Zima! Bashiru alifoka. Zima hiyo takataka!

Kijiwe chenyewe ni benchi la mninga mbele ya duka la redio la Sadalla, na jiko la kahawa la Scola pembeni. Sadalla wanamwita Orijino, kwa kuwa hajawahi kuuza kitu ambacho si orijino. Aliyekuwa kwenye usukani ni Eustace, jina la kijiweni Besi. Zamani alikaa kwenye mashine ya sauti ya kwaya huko Sumbawanga, na hakuna siku amewaacha watu wasahau. Wa tatu ni Manyanda, Mzee Zizi, aliyehamia Katavi na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Ng'ombe walipungua njiani, maoni yalifika yote. Bashiru wanamwita Pasipoti. Ya kwake iliisha muda kitambo, lakini mdomo wake bado unasafiri.

Na wote wanne walijua kilichokuwa mezani siku hiyo. Mwanaiddi, mke wa Bashiru, alikuwa amerudi kwa mama yake Kibaoni tangu wakati wa mahindi mabichi. Aliondoka na maneno machache: "Nimechoka kukaa kwenye gari lako kama mzigo." Bashiru akayaleta maneno yale kijiweni yakajadiliwe. Yakanywewa kahawa siku mbili tatu, kijiwe kikatoa hukumu: mwanamke amechoshwa na ukimya, gari halina muziki. Ndipo wakaufungua mlango wa kushoto na wa kulia, wakaweka spika. Sasa mama mkwe amekuja Mpanda kumtazama mkwewe kwa macho yake. Makubaliano yalikuwa arudishwe Kibaoni na gari hili hili, na moyo wake ukiridhika njiani, Bashiru atarudi na mke.

— Haya, Bashiru alisema. Nani alileta habari za pumba?

— Mimi usinitazame, Sadalla akasema. Mimi nimeuza spika. Spika zangu ni orijino.

— Orijino gani, kubwa kuliko mlango! Nilikuomba za duara, za mlango wa mbele. Ukanipa za yai!

— Umechagua mwenyewe! Nilikuwekea ya duara, nikakuwekea ya yai. Ukapima hii mkononi, ukapima ile, ukasema nzito ndiyo yenye sauti. Unanunua spika kama unanunua tikiti maji.

— Lubumbashi tulikuwa tunachagua hivyo hivyo!

— Basi ungenunulia huko huko Lubumbashi.

Eustace alishuka kwenye gari akijifuta pumba mapajani. Kava la mlango wa kushoto lilikuwa limening'inia kwa skrubu moja.

— Jamani, spika haina kosa. Mlango ndiyo mwembamba. Kioo kikishuka kinagonga sumaku ya spika, sasa mimi nifanye nini? Nikaweka ringi ya mbao ili spika isogee nje. Kitaalamu kabisa.

— Umekata bati la gari langu kwa grainda ukiwa umefumba macho!

— Cheche, Pasipoti! We ungefumbua?

— Na ile nailoni ya ndani ya mlango? Ile inayozuia maji na vumbi? Ipo wapi?

— Nailoni inaziba besi.

— Ipo wapi?

Eustace akatazama jiko la kahawa. Scola akalitazama pia. Gunia lake la mkaa lilikuwa limefunikwa vizuri sana.

— Nimepewa, Scola akasema. Wala msinipandishie sauti, sikuiba.

Akamimina maji kwenye kikombe, akachukua kanga safi begani, akavuka barabara kwenda kwa mama mkwe. Bashiru alimsindikiza kwa macho mpaka alipoona kanga inakung'utwa na pumba zinaanguka kibarazani, akageuka akiwa mwekundu wa hasira, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu.

— Bado sijajibiwa. Pumba!

Manyanda alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Pumba nilizileta mimi, na sijutii. Nyie mlikuwa mnalalamika mlango unalia ngwe-ngwe-ngwe. Kwetu kihenge cha nafaka kikiwa kitupu, ukikohoa nacho kinakohoa. Kikijaa, kimya. Nikaenda mashineni nikabeba pumba, za bure, nikasema jazeni mlango. Kosa langu ni lipi?

— Ulishindilia kwa fimbo ya kuchungia, mzee! Mpaka kioo kimeshuka hakipandi! Mnataka nimpitishe mama wa watu katikati ya hifadhi kioo kiko chini, mbung'o wamle shingo nzima?

— Mbung'o hawapendi pumba, Manyanda alisema.

— Nani kakwambia?

— Umewahi kumwona mbung'o kwenye pumba?

Hakuna aliyewahi kumwona. Bashiru akapiga teke gurudumu, akajiumiza kidole, hasira ikaongezeka.

— Na wewe Besi! Tulikubaliana taarabu! Taarabu ya taratibu, mama asikilize mpaka Kibaoni, moyo ulainike. Singeli ilitoka wapi?

— Nilikuwa napima. Spika mpya haipimwi kwa taarabu.

— Unaipimia kwenye kichwa cha mama mkwe wangu!

— Sasa nilijua zitatoka? Zingetakiwa zibaki. Hapo ndiyo nashangaa. Besi nimeipiga, imeenda ndani, badala ya kutoka kwa mbele imetokea juu kwenye mpenyo wa kioo. Sauti imekosa njia. Mimi nadhani hizi spika zimetengenezwa kwa nchi zinazokaa upande mwingine wa usukani. Ya kushoto inadhani iko kulia.

— Acha hizo! Sadalla alisimama. Spika haina mawazo. Ukweli nitawaambia, nilikuwa nanyamaza tu. Ni sumaku. Mji huu umekaa juu ya madini. Watu wanachimba dhahabu mpaka chini ya vitanda vyao. Sasa sumaku kubwa kama ile, unaiweka kwenye mlango, karibu na ardhi, si inavutwa? Besi yote inavutwa chini. Ndiyo maana nikiijaribu dukani juu ya kaunta inalia vizuri.

— Sumaku haivuti dhahabu, Eustace alisema.

— Haivuti ya kuchongwa! Ya mwamba inavuta!

— Ingekuwa hivyo ungekuwa tajiri, Orijino.

— Nyie hamna subira, Manyanda akaingilia, kikombe juu. Nendeni mkamsikilize kiboko pale mtoni hifadhini. Mnyama mmoja, hana waya, hana betri, anasikika mpaka kijiji cha pili. Kwa nini? Kwa sababu amekaa kwenye tope. Pumba ilikuwa mwanzo tu. Ule mlango unataka tope.

— Tope ndani ya gari langu!

— La mfinyanzi. Linashika.

Na hapa Bashiru, badala ya kumnyang'anya kile kikombe, alikosea mara ya pili siku hiyo. Aliketi.

— Tope hapana, alisema, kidole juu. Bujumbura niliona jamaa mmoja, mlango wa mbele wote kaujaza sponji za godoro. Sponji tupu. Ukikaa ndani, besi inakugusa hapa, kwenye mbavu, wala kioo hakitikisiki. Lakini yule alikuwa na godoro zito. Nyie magodoro yenu haya ya...

— Bashiru!

Scola alikuwa amerudi. Alisimama na kanga mkononi, imejaa pumba. Bashiru akaruka kutoka kwenye benchi.

— Enhe? Amesemaje?

— Amesema hana neno.

— Hana neno? Eustace alifurahi. Si umeona!

— Funga mdomo! Bashiru alimkemea. Mama mkwe akisema hana neno, ujue analo, na anakwenda kulisemea kwao. Scola, mwambie namwomba radhi. Mwambie mkono uliteleza.

— Mikono miwili iliteleza? Kamwambie mwenyewe.

— Siwezi kumsogelea, nimeshamvunjia heshima mara moja!

— Basi kasimame mbali kama desturi, useme kwa sauti. Si una sauti? Hapa umefoka mpaka mafundi wa barabara ya pili wamesimamisha kazi. Kwa rafiki zako unafoka, kwa mama wa mkeo unanitumia mimi.

— Scola, nakuheshimu sana...

— Uniheshimu unilipie vikombe. Halafu ujue mama kapiga simu.

Bashiru akamsogelea.

— Kwa Mwanaiddi?

— Kwa bodaboda. Aende stendi, awahi basi.

Benchi zima lilianza kulaumiana upya, safari hii wakiwa wamesimama. Sadalla alimwambia Eustace kwamba mtu wa kwaya hana kazi kwenye gari la Mwislamu. Eustace akamjibu kwamba Mwislamu huyo huyo ndiye aliyeuziwa yai na Mwislamu mwenzake. Manyanda akatishia kurudisha pumba zake mashineni, kana kwamba kuna aliyezizuia. Bashiru alikuwa amelishika lile kava la mlango, analivuta, skrubu ya mwisho haitaki kutoka, anawatukana wote watatu kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa lugha nyingine ambayo aliokota mpakani bila kujua maana yake.

— Nyie ndiyo mmenivunjia nyumba! Nyie! Nimekaa na yule mwanamke miaka na miaka, hakuna kilichotushinda! Nimeleta shida moja hapa, moja tu, mmeniwekea pumba!

Pikipiki ikasimama kati yao. Aliyekuja ni Simon, bodaboda wa Makanyagio, kofia ngumu imekaa juu juu kichwani. Alitafuta abiria wake kwa macho, akaona gari limepasuliwa mlango, akainama kuchungulia, kama anavyofanya mtu yeyote akiona kitu kimefunguliwa.

— Hii si ile Noah ambayo haifunguki kwa ndani?

— Ndiyo, Bashiru akajibu kwa ukali. Kwani?

Simon aliingiza mkono, akakivuta kitasa cha ndani. Ule waya wake ulikuwa unaonekana wazi, umechomoka, unaning'inia kando ya spika.

— Sasa si mlikuwa mmeshaufungua mlango? Mbona kitasa hamkukitengeneza?

Eustace akainama kutafuta skrubu. Sadalla akaitazama kaunta yake kwa mbali kama vile kuna mteja. Manyanda alikunywa kahawa, na kikombe kilikuwa tupu.

Bashiru alisogea mlangoni. Alikuwa anauona ule waya. Alikuwa anamwona Mwanaiddi kwenye kiti hicho hicho, siku wamerudi kutoka Ikola ziwani, ndoo ya dagaa miguuni, jua limesimama, vioo juu. Yeye Bashiru ameshuka kunywa kikombe kimoja tu. Mwanaiddi amegonga kioo. Yeye ameinua mkono kutoka hapa hapa kwenye benchi: nakuja. Amegonga tena. Nakuja.

— Mimi ndiye nilimfungulia, Scola alisema taratibu, bila kuulizwa. Mkeo alikuwa amelowa jasho kama amemwagiwa maji. Mkabaki mnabishana habari za mpira.

— Hukuniambia, Bashiru alisema.

— Ulikuwepo.

Ng'ambo, mama mkwe alikuwa ameshasimama, amejifunga ushungi upya, mkoba kwapani. Bashiru akavuka barabara mbio, lori la mpunga likampigia honi, hakulisikia. Akasimama hatua kadhaa kutoka kibarazani, akainama kama inavyopasa, mikono nyuma ili isifanye tena upuuzi. Simon alikuwa ameshageuza pikipiki na kuisogeza mpaka kwenye ngazi.

— Mama, nimekukosea, alisema kwa sauti yake yote, na fundi cherehani akasimamisha mashine. Nimekukosea leo, na Mwanaiddi nilimkosea kabla yako. Nakuomba usiondoke. Kitasa kinatengenezeka sasa hivi, ni waya tu, umechomoka. Spika nazing'oa, zote mbili, pumba namwaga. Nipe nafasi ndogo tu, nikupeleke mimi mwenyewe, mlango unafunguka, unashuka popote unapotaka. Nikuombe tu, Mama, usipande hiyo pikipiki.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Akakusanya gauni lake, akapanda, akaweka mkoba mapajani, akamshika dereva bega.

— Pikipiki haina mlango, alisema. Twende, baba.