Mwalimu Yosefina na Wimbo wa Nyumbani Kwao

Baada ya miaka thelathini na sita ya kushika chaki, Mwalimu Yosefina Fulgensi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Walimu wenzake tumebishana kikao kizima nani atapokea Hisabati ya darasa la nne. Kuhusu kwaya yake ya shule, hakuna aliyethubutu kujitolea.

Alizaliwa Kivukoni, kando ya mto karibu na Ifakara, enzi zile magari yalipopanga foleni kungoja kivuko. Baba yake, Mzee Fulgensi, alikuwa Mndamba, mvuvi wa perege na kambale, Mkatoliki asiyekosa misa. Mama yake, Bi Sikudhani, alitoka katika familia ya wafanyabiashara Waislamu, akauza vitumbua kwa abiria, na hakuacha swala zake hadi mwisho. Watu walisema ndoa ile haitavuka masika mawili. Ilivuka miaka arobaini. Jioni baba alishona nyavu huku akiimba wimbo wa kupiga kasia aliourithi kwa babu yake. Mama, akikoroga unga wa mchele, aliuwekea juu sauti ya kaswida alizojifunza madrasa. Yosefina, binti wa kwaya ya parokia, alikua akidhani kila nyumba ina wimbo wa namna hiyo.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Chita. Alishuka kwenye treni amebeba kinanda kidogo cha betri, na kesho yake watu, wakimdhania fundi, wakamletea redio mbovu awatengenezee. Huko ndiko alikoanza kufundisha jedwali la kuzidisha kwa kuimba. Mwaka mmoja msimamizi wa mtihani ilimbidi anyamazishe chumba kizima kilichokuwa kikighani saba mara nane chini kwa chini.

Alipohamia kwetu Ifakara alianzisha kwaya ya shule, akaifundisha wimbo wa kwao. Chini yalikaa mapigo ya kasia, katikati waitikiaji kwa sauti nne kama za kanisani, na juu kabisa sauti moja iliyopanda na kuzunguka, ile ya mama yake. Hiyo aliiimba mwenyewe. Siku ya wazazi, Wakristo wengine walinung'unika kwamba wimbo una Uislamu, na Waislamu wengine kwamba una kanisa ndani yake. Mzee Mbaruku, mwenye duka na mwenyekiti wa kamati ya shule, akasimama.

“Mwalimu, wimbo huu ni wa kanisani au wa madrasa?”

“Ni wa nyumbani kwetu, mzee wangu.”

Mzee Mbaruku akafikiri, akakaa. “Basi urudieni, hatukuusikia vizuri.”

Mwaka 2014 Bi Sikudhani alifariki. Mwalimu Yosefina alirudi kazini baada ya hitima, akafundisha hesabu zake, lakini kwaya hakuigusa. Tulipombembeleza alijibu, “Ile sauti ilikuwa ya mama. Amekwenda nayo.” Muhula mzima shule ilipoa, tukawa tunasikia mashine za kukoboa mpunga za mtaa wa pili.

Kisha asubuhi moja Mzee Fulgensi akaja kwa bajaji. Aliomba wanakwaya waitwe, akajikunja kwenye dawati la darasa la pili, magoti karibu na kidevu. Watoto wakamwamkia kwa pamoja. Binti yake alisimama mlangoni, chaki mkononi.

“Baba, usinifanyie hivi.”

“Sijaja kwako, mwanangu. Nimekuja kuimba na wajukuu.”

Akaanza kugonga dawati, pigo la kasia, akaanzisha. Watoto wakaitikia. Walipofika mahali pa sauti ya juu mzee alinyamaza, nao wakanyamaza. Mkono wake tu uliendelea kugonga. Wakarudia. Pale pale, kimya tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta.

“Hapa ndipo alipokuwa anaingia,” alisema, bila kuacha kugonga. “Mimi sipawezi. Umebaki wewe.”

Mara ya tatu Mwalimu Yosefina akaingia. Sauti ilianza imepasuka, ikayumba, kisha ikapanda. Sisi tuliokuwa barazani tulisimama bila kuambizana. Mpishi wa uji aliacha mwiko sufuriani. Nimesikia kwaya nyingi katika bonde hili, za misa, za maulidi, za harusi na za misiba. Nywele zilinisimama siku ile tu. Palikuwa na mume na mke na mtoto wao katika chumba kimoja, na mmoja wao tulikuwa tumekwisha kumzika.

Tangu hapo kwaya haikunyamaza tena. Imechukua vikombe viwili vya mkoa, na wanafunzi wake leo wako kwenye vinanda vya makanisa, kwenye vikundi vya kaswida, na mmoja, Wendelin, anarekodi nyimbo zake mwenyewe Morogoro mjini. Mzee Fulgensi naye ametangulia. Binti yake alimwimbia makaburini mpaka udongo wa mwisho.

Sasa anakwenda kijijini Mkula kulima mpunga. Tumesikia kwamba akina mama wa huko wameshaanza kumngoja awaanzishie kwaya.

Ahsante, Mwalimu Yosefina, kwa yote uliyotupa bila kujua kwamba unatupa. Mungu akujalie afya, shamba likuitike, na nyumba yako isikose kamwe watu wa kuimba nao.

Mwalimu Edward, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako