Viazi vya Mke Wangu Kando ya Ntahangwa

Wafiwa wenzangu, namshukuru Mungu kwamba leo nimesimama mbele yenu na sauti inatoka. Wengi mnanijua: mimi ndiye agronome, mtaalamu wa kilimo, wa mtaa wa Buyenzi. Nililelewa ukimbizini Kigoma, nikabeba matofali ya watu ili nijisomeshe, hadi nikapata diploma ya kilimo. Niliporudi nchini nilijenga nyumba kwa mikono hii. Sikupewa na mtu. Nasema hayo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yaliyoniangusha.

Vita vikaanza. Mwaka wa pili, barabara zikiwa zimefungwa, mke wangu akashikwa na malaria. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya vizuizi. Siku ya tatu alifia mikononi mwangu.

Mnajua desturi yetu: mfiwa hagusi jembe mpaka jamaa wakutane, waketi kwa pombe, wamalize kilio. Jamaa zangu walibaki Kigoma. Majirani wakaja, wakasema, "Tutakumalizia sisi." Nikawajibu, "Asanteni, mambo yangu najimalizia mwenyewe."

Ndugu zangu, nawaambia, miezi minane sikumaliza chochote. Nilikula nimesimama. Nilisikia watu wakicheka nyuma ya ukuta, nikaona kama wako nchi nyingine. Mwisho nikaamua nipande meli, nirudi Kigoma nikafie huko.

Asubuhi ya kuondoka niliteremka kuliaga shamba dogo la mke wangu, kando ya mto Ntahangwa. Nilitegemea magugu. Nikakuta marando ya viazi vitamu yamefunika kila kitu, yamepanda hata juu ya ua, maua yake ya zambarau yamejaa nyuki. Na udongo ulikuwa umepasuka. Aliyesoma kilimo anajua: udongo ukipasuka hivyo, kiazi kinatafuta nafasi. Miezi minane bila palizi! Nikachuchumaa, nikatia kidole kwenye ufa, nikakigusa. Kilikuwa baridi, kinene. Nikalia kwa sauti.

Mama mmoja jirani alikuwa akilima upande wa pili wa ua.

"We agronome, unalilia viazi? Chimba!"

"Apana, mama. Sijamaliza kilio. Sina jamaa hapa."

"Na sisi tuko nini? Mawe ya mtoni?"

Akawaita wenzake watatu. Wakaja na matope miguuni, bila pombe, bila viti. Wakanitia jembe mkononi, wakashika mpini pamoja nami.

"Kilio kimeisha," akasema yule mama. "Lima."

Tukachimba. Tukachoma viazi pale pale, tukala na majivu yake. Kisha nikakata marando, nikapanda upya. Meli ikaondoka bila mimi.

Sitawadanganya, upweke haujaisha. Jioni nyumba bado iko kimya, na milimani risasi bado zinasikika. Lakini kila asubuhi nateremka mtoni kuona kilichochipua, na kila asubuhi kuna kitu.

Nawashukuru akina mama wale wanne, ambao sitawataja. Na wewe unayejiona unajitosha, nakusihi: jirani akija kulia nawe, mfungulie. Asipokuja, toka umfuate. Mimi nilichelewa miezi minane.