Maharusi Wapite kwa Kasia

Mheshimiwa mwakilishi wa Gavana wa Wilaya, Mchungaji uliyefungisha ndoa hii, wazee wa Nchelenge, wageni wetu mliovuka ziwa kutoka upande wa Zaire, wazazi wa pande zote mbili, wavuvi na akina mama wa soko la samaki, na ninyi wawili, Chisenga na Régine, ambao leo hata Mheshimiwa amekubali kuwapisha njia.

Nawasalimu mimi, mwalimu wenu mzee, nikiwa nimekaa, na naomba radhi kwa hilo. Nitasema kwa Kiswahili ili wageni wasibaki nyuma. Ni Kiswahili cha vitabu, nilichofundishwa na mapadre wa ng'ambo nilipokuwa kijana. Ninyi wenyeji mnaokitumia sokoni tu mtanivumilia, maana leo sitataja bei ya samaki.

Nimeombwa kuwaaga maharusi wanaokwenda fungate kisiwani Isokwe. Ingekuwa kazi nyepesi, ya baraka mbili tatu na utani kidogo, kama pale ufukweni pasingekuwa na vyombo viwili. Geukeni mtazame. Kulia kuna boti la moteri, la rangi ya buluu, lenye mito juu ya viti. Limeletwa na Mzee François, mjomba wa Régine, kwa heshima ya mpwa wake. Kushoto kuna mtumbwi wa Ba Misheck, wenye kasia nne, mkeka mpya na kivuli cha matete. Maharusi wameomba mtumbwi. Mjomba anataka moteri. Na jana, kwenye kikao cha familia, alisema maneno ambayo nayarudia mbele yake ili anisahihishe nikikosea: "Mutoto yetu hawezi enda na kasia sawa gunia ya muhogo. Kama anapanda mule, miye sitamubariki."

Naona anaitikia kwa kichwa.

Ndugu zangu, jambo hili si dogo. Kwetu sisi, pande zote za ziwa, binti ambaye mjomba wake amekataa kumwekea mkono kichwani huhesabiwa kuwa ameolewa nusu. Régine alitoka kwenye kikao kile akiwa amefunika uso kwa kitenge, na wala hayakuwa machozi ya furaha. Na Mzee François naye si mtu mbaya. Nani kati yetu hajawahi kusimama hapa, akasikia moteri ikinguruma kutoka mbali, akajiuliza ni mkubwa gani anayekuja? Mjomba alitaka watu wa Isokwe wajiulize hivyo kuhusu binti wa dada yake. Ni kosa gani hilo?

Wala msidhani Chisenga anazidharau moteri. Chisenga ni fundi wa moteri. Chakula atakachompa mkewe kitatoka humo. Kwa nini basi fundi wa moteri amwombe mkwe wake amruhusu kwenda fungate kwa kasia?

Kati ya hapa na Isokwe, kama wenyeji mnavyojua, kuna mahali penye maji mafupi na mchanga mweupe. Miezi hii ya mvua samaki tunaowaita mapale huenda pale kuzaa. Dume huchimba shimo la duara mchangani kwa mdomo wake, kisha hukaa juu yake akilinda. Jike hubeba mayai kinywani, na baadaye watoto, na siku zote hizo hali kitu. Wavuvi walikubaliana kwamba pale pasitegwe wavu mpaka mvua ziishe, wakamchagua Ba Misheck na wenzake wapalinde. Waliowahofia zaidi ni watu wa kutumpula, wale wanaopiga maji kwa fimbo ili samaki washtuke na kukimbilia wavuni.

Sasa sikilizeni kilichotokea siku ya harusi ya Ennie, yule pale karibu na sufuria, ambaye ameshaanza kucheka kabla sijasema lolote.

Ennie alikuwa analetwa kutoka Isokwe kuolewa hapa Nchelenge. Desturi yetu mnaijua: mitumbwi ya bibi harusi ikikaribia nchi kavu, wapiga kasia huyapiga maji kwa ubapa wa kasia, ili waliobaki ufukweni wajue kwamba mke anakuja. Vijana wale walikuwa na furaha nyingi, wakaanza kupiga mapema, palepale kwenye maji mafupi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa. Ba Misheck na wenzake, wakiwa nyuma ya matete, walisikia maji yanapigwa. Mngefikiri nini ninyi? Walifikiri kutumpula. Walitoka kwa kishindo, wakashika mtumbwi, wakanyang'anya kasia na kuwaamuru watu wote washuke majini. Mashangazi wa Ennie, maji yakiwa mapajani na vitenge vipya vimelowa, waliwatukana kwa Kibemba ambacho sitakitafsiri Mchungaji akiwa amekaa hapa. Vijana wakaapa kwamba ni msafara wa harusi. Misheck akawajibu kwamba mwaka uliotangulia wengine waliapa kwamba wanakwenda kanisani. Akainua mkeka kutafuta wavu. Hapo Ennie, ambaye peke yake alikuwa amekataa kushuka, akafunua uso na kumuuliza kwa upole kabisa:

"Ba Misheck, tangu lini samaki akavaa shela?"

Misheck akaushusha mkeka. Alirudisha kasia, akaomba radhi kwa kila shangazi peke yake, kisha akaomba jambo moja tu: wasiyapige maji tena mahali pale, naye mwenyewe atakaa mbele awaongoze. Basi wakapita kimya, kasia zikiingia majini kama kijiko kinavyoingia kwenye uji. Na Ennie akainama kutazama chini. Binti huyu alikuwa ameuza samaki tangu utoto, aliweza kumpasua samaki huku akizungumza na mteja, lakini hakuwa amewahi kumwona samaki akiwa nyumbani kwake. Aliona mashimo yale ya duara, moja baada ya jingine, na kila shimo lina mwenyewe juu yake, anapepea mapezi wala hakimbii. Alipofika hapa hakusimulia habari ya kukamatwa. Alisimulia alichokiona. Aliyeolewa baada yake akaomba apitishwe vilevile, na aliyemfuata pia.

Hakuna kikao kilichoamua jambo hili, Mheshimiwa, wala hakuna sheria iliyoandikwa. Wanawake waliambiana tu. Siku hizi hata watu wa migodini wanaokuja kwetu likizo wanamuulizia Ba Misheck na mtumbwi wake, wanakaa kimya njia nzima, watu ambao mwaka mzima masikio yao yamejaa mashine. Wanashuka wakiwa na uso tofauti. Na mahali pale bado pana samaki. Kule upande wa pili wa matete, moteri zinapopita kila siku na kuchafua mchanga, mashimo yamezibwa, na wavuvi wake wanakuja kuomba kutega upande huu.

Mzee François, nakuita kwa jina alilokupa mama yako, ambalo serikali ya kwenu, kama majina yote ya Kikristo, imewaomba mliache lakini huku kwetu bado linaruhusiwa. Walinzi wale hawana bunduki wala kofia ya serikali. Wana neno lao tu, nalo linasikilizwa kwa sababu hata bibi harusi hulitii siku anayoheshimiwa kuliko watu wote. Leo Régine akipita pale kwa moteri, na sisi sote tukipiga vigelegele hapa, kesho Ba Misheck atamzuia nani? Unasema hutaki binti yako aende kama gunia. Lakini gunia halichagui chombo, ndugu yangu. Huyu amechagua.

Hayo ndiyo niliyosema jana kwenye kikao, kwa maneno mengi zaidi, na hayakufaa kitu. Usiku nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nilisema kama mwalimu, nikaficha jambo moja. Kwa hiyo leo naungama mbele yenu.

Daktari amenieleza wazi, na watoto wangu wanajua. Mvua hizi zimeniona zikianza, lakini hazitaniona zikiisha. Tafadhali msikunje nyuso. Hapa ni harusini. Nami siulilii msiba wangu, kwa kuwa nimeridhika. Nimesomesha watoto wa kutosha, na baadhi yao hata walielewa. Niliishi na mke mwema, Eness, ambaye hakuwahi kunisifu bila sababu. Nimekula samaki wa ziwa hili kila wiki ya maisha yangu. Mtu anataka nini zaidi?

Nataka kitu kimoja. Nataka kupita tena pale penye mchanga mweupe. Kwa moteri siwezi, mtikisiko wake unaniumiza mifupa mpaka natokwa na jasho. Jana nilipokuwa nawatetea samaki, nilikuwa pia najitetea mimi. Nilitumaini kwamba maharusi wakipata mtumbwi, ningeomba nafasi kidogo katikati, juu ya mkeka. Chisenga, Régine, msiogope. Mtaniacha kwenye kambi ya Ba Misheck, pale kwenye matete, na mwanangu atanifuata jioni. Fungate ni lenu.

Kwa hiyo, Mzee François, leo sikuombi kama mtu anayejua kuliko wewe. Heshima ya binti yako iko mkononi mwako, sina haki nayo. Nakuomba kama abiria anavyomwomba mwenye chombo.

Ngojeni. Mzee François amesimama. Naomba utulivu, akina mama, masikio yangu si ya zamani.

Nimesikia. Wale wa nyuma ambao hamkusikia, nawarudishia neno lake. Amesema, "Tata Mwalimu, ungesema tangu jana kama bibi harusi ni weye."

Chekeni, chekeni, ni haki yenu. Na sasa anamwita Régine. Tazameni mkono wake uko wapi. Uko kichwani kwa binti. Mchungaji, wewe ni shahidi. Anasema boti la buluu litabeba masanduku na litazunguka mbali, kwenye maji marefu, na yeye mwenyewe hatakuwamo, kwa sababu anataka kuona hao samaki ambao wamemshinda kwenye kikao.

Mheshimiwa, ndugu wageni waalikwa, nilikuwa nimeandaa mengine ya kusema, lakini naona Mzee François anavua viatu vyake vizuri vya Lubumbashi na kukunja suruali. Mtumbwi umefungwa majini, na mtu wa hali yangu hawezi kufika bila kubebwa. Nawashukuru wazazi, nawashukuru waliopika, nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka hapa. Asanteni sana. Ba Misheck, nipokee fimbo. Mzee François, inama kidogo zaidi, na twende polepole: mgongo ni wako, lakini mifupa ni yangu.