Mzee Waya na Maandishi ya Cheche

Leo, tarehe 30 Juni, Mzee Waya anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana hii ya vyuma. Mimi niliyeambiwa nimwandikie ni mbeba vyuma, mwaka wa saba tangu nitoke kwetu. Shule niliiacha njiani, mtanivumilia.

Aliajiriwa kufunga nyaya za taa. Kompyuta ya stoo ilipoletwa, sote tuliiogopa. Yeye aliifungua kwa bisibisi, akaifunga tena, ikawaka. Tangu hapo imekuwa mtoto wake. Hata chai anainywea mlangoni asije akaimwagia.

Nitaeleza jambo moja tu. Mwaka fulani virusi viliiua kompyuta hiyo, naye akaweka Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaupakua mtandaoni. Hesabu za vyuma zikarudi. Aliyeumia ni Cheche, mchomeleaji wetu kutoka China. Cheche ni kiziwi tangu kuzaliwa, kupiga simu hawezi, na simu zetu wakati huo zilikuwa za vibonye. Kwa mkewe, kompyuta ya stoo ndiyo ilikuwa mdomo wake. Sasa barua pepe za mke zikawa vijisanduku vitupu, na Kichina hakikuandikika tena.

Mzee akapakua herufi za Kichina, zikasomeka. Afadhali zisingesomeka. Kwa ishara Cheche alituonyesha: mke anauliza kama bado ana mume, maana hajibiwi, na wazazi wake wanamwambia arudi kwao na mtoto.

Nyapara akaja juu. "Mzee, hiyo ni ya kuhesabia vyuma, si ya mapenzi!"

"Vyuma haviendi popote, bosi. Mke ndiye anaenda."

Akaweka programu ya kuandikia Kichina inayotumiwa na wengi: unaandika matamshi ya neno kwa abc, kompyuta inakuletea alama uchague. Ikakubali, tukapiga makofi. Cheche akaikodolea macho tu. Wiki nzima tulimwelekeza na kumgombeza, mpaka akajigusa sikio, akachora kwa kidole kwenye vumbi la chuma: mstari, mstari, nukta.

"Lahaula!" Mzee akasema. "Tumempa kiziwi aandike kwa sauti!"

Akatafuta njia nyingine, ya kuunda alama kwa mistari yake, akabandika vikaratasi juu ya vibonye. Cheche aliandika mchana kutwa, na nyapara akamwachia. Jibu lilikuja fupi. Mke ameshahamia kwao. Ila binti yao anajua kusoma, amwandikie yeye.

Tulimwambia Mzee si kosa lake. "La nani sasa?" akauliza.

Cheche humwandikia bintiye kila Ijumaa. Mfumo ukisasishwa, ile njia ya mistari hupotea, na ni Mzee peke yake anayejua kuirudisha.

Mzee wetu, asante. Mgongo upone, usingizi ukujie, na wajukuu wakuchoshe badala yetu. Jana alimwonyesha Cheche kalenda kwa kidole: atarudi Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, asubuhi.