Ubavu wa Pili wa Kobe

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, ndugu mlezi wa chama, wazazi, wachezaji wenzangu, na ninyi mliojibanza nyuma karibu na birika la chai: karibuni nyote. Itifaki nayo naiomba ikae chini, kama itapata kiti.

Tumekuja kumuaga fundi saa. Kesho anahamia kwa binti yake, kwa kuwa macho yake yamekwisha kabisa. Mimi mwenyekiti wenu, mshona nguo, nilitaka kuja na hotuba ya furaha, nikashindwa. Nina huzuni, na sioni kwa nini niifiche.

Wageni wetu, chama chetu hucheza vita juu ya meza, kwa magari madogo na dadu. Mezani pale mnaona gari la vita ambalo halipo duniani. Ni deraya la magurudumu sita, la kupigania sayari ambazo hakuna binadamu aliyezifika, na lote linaenea kwenye viganja viwili. Fundi saa hakulinunua dukani. Alilichonga kwa kadibodi na plastiki za kutupwa. Magurudumu ni vifuniko vya chupa, mzinga ni mrija wa kalamu, na zile nati za ubavuni ni skrubu za saa zilizokwisha kufa. Kila kiungo alikipiga msasa mpaka ukucha usikwame. Tukaliita Kobe, kwa mwendo wa ujenzi wake.

Rangi alimwachia mdogo wake, mchoraji wa mabango. Nani angefaa zaidi? Lakini mchoraji aliona gari la vita haliwezi kung'aa kama sufuria mpya. Akachanganya rangi ya kahawia na unga wa mbao, akautia ubavu mmoja kutu, matope na makovu ya risasi. Jamani, ulipendeza mpaka ukatisha! Fundi saa akaja, akautazama, akasema, "Mimi nasugua miezi yote hii, halafu wewe unanipakia uchafu?"

"Kaka, umejenga gari la kuweka kabatini," mdogo akamjibu. "La vita halikai hivyo." Akakusanya brashi zake, akaenda zake.

Na sheria ya chama tunaijua: gari lisilokamilika rangi haligusi meza ya mchezo. Basi Kobe akabaki kabatini kweli, ubavu mmoja una kutu, wa pili plastiki tupu, bila kuonja hata pambano moja. Sisi wanachama tulifanya nini? Wahenga wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Tukalima! Tulilima mpaka shamba likatuishia, na wale ndugu wakawa bado wanapishana barabarani kama hawakunyonya ziwa moja. Tulidhani muda upo. Macho ya mtu hayangoji ndugu wapatane.

Wiki hii mchoraji alisikia habari za safari. Hakuitwa na mtu. Alikuja na brashi zake, akaketi humu ukumbini, akaumaliza ubavu wa pili. Jana jioni nikamwita fundi saa. Akaingia anapapasa ukuta, tukamkabidhi gari lake. Akalipitishia kidole gumba polepole, kuanzia mzinga mpaka nyuma, na ile kutu ya unga wa mbao ikamkwaruza. Akatabasamu.

"Kumbe ndivyo lilivyotakiwa kuwa," akasema. "Mdogo wangu, ungenionyesha nilipokuwa na macho."

Mchoraji akajibu, "Nilikuonyesha, kaka."

Mheshimiwa, wale ndugu walishikana wakalia, nami nikainama chini nikijifanya natafuta sindano. Kupatana wamepatana, na namshukuru Mungu. Ila kile alichochorewa fundi saa hatakiona tena, na hilo hakuna msasa wa kulilainisha.

Sasa Kobe amekamilika, sheria imetimia. Pambano lake la kwanza ndilo la mwisho la fundi wetu katika meza hii. Mchoraji, inuka. Mshike kaka yako mkono, umfikishe mezani. Mwambie vilima viko wapi na adui amejificha wapi, na usimdanganye ili ashinde. Dadu atarusha mwenyewe, wewe umsomee.

Kwa masikio yenu, asanteni sana. Wapisheni njia.