Mwalimu Perez Adongo na Wimbo wa Darasa la Sita

Kwa niaba ya familia ya Mzee Lennox Ondiek, tunawashukuru nyote mlioacha kazi zenu mkaja kuketi nasi hapa Kapseret asubuhi hii, kabla hatujaanza safari ya kumpeleka mama yetu Ugenya, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tumechoka, na pia kwa sababu sehemu moja ya historia hii marehemu aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza isiachwe nje, na Mzee, ambaye naye ametajwa humo, aliisoma juzi, akavua miwani, kisha akasema, "Isomeni ilivyo."

Marehemu Perez Adongo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 karibu na soko la Ukwala, huko Ugenya, akiwa pacha wa pili, na yule wa kwanza, Apiyo, aliishi wiki tatu tu. Alisoma shule ya msingi ya kwao kuanzia mwaka wa 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka wa 1976, na huko kote aliimba kwaya, kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, mtu mkali ambaye ukikosea noti hakukuchapa, bali aliinyamazisha kwaya nzima ukabaki unaimba peke yako hadi urekebishe. Baada ya kufundisha miaka miwili bila cheti, alijiunga na chuo cha walimu Januari 1979, akahitimu Desemba 1980, na mwezi uliofuata akaletwa Uasin Gishu, ambako hakuwa na ndugu wala jamaa, akaripoti katika Shule ya Msingi ya Mlango Tatu, hapa hapa Kapseret, akiwa na sanduku moja la nguo na ngoma aliyopewa na baba yake.

Mwaka uliofuata alikutana na Lennox Ondiek, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo mjini Eldoret, wakafunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto wawili, Bridgit mwaka wa 1984 na Byron mwaka wa 1987, na mwaka wa 1991 wakanunua kiploti hiki mnachokikanyaga, wakajenga nyumba ya mbao, kisha hii ya mawe.

Kazini alifundisha Kiswahili na muziki, na kwa miaka mingi muziki ulikuwa somo kama masomo mengine, lakini ulipoondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, vipindi vyake viliendelea kuwako kwenye ratiba ukutani tu, darasani vikageuzwa hesabu, na mwalimu mkuu wa wakati huo, marehemu Mwalimu Wamalwa, ambaye walikuwa marafiki, alikuwa akimwambia mbele ya staff room nzima, "Mama Bridgit, hiyo ngoma yako haina maksi." Yeye alijibu kwamba mtoto asiyejua kungoja mwenzake amalize ubeti ndipo aingie, hata ukimpa maksi mia, bado hajafunzwa, lakini aliyasema hayo bila kugombana, akaenda zake, akafundisha hesabu zilizotakiwa, na Jumatano baada ya mapumziko ya chai akatoa ngoma.

Hapa ndipo inapoingia ile karatasi aliyoiandika marehemu.

Rafiki yake mkubwa pale shuleni alikuwa Mwalimu Njambi, aliyefundisha darasa la tatu, wakichota maji kisima kimoja, wakishonesha nguo za Krismasi kwa fundi mmoja, na siku ya Jumatatu tarehe 31 Desemba 2007, siku moja baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, saa tisa mchana, moshi ukiwa umetanda upande wa chini na vijana wakisikika wakipiga mbinja kwenye mashamba ya mahindi, Njambi, ambaye watu wa kabila lake walikuwa wakichomewa nyumba, alifika kwenye mlango wa nyumba hii na watoto wake wawili, akabisha. "Mwalimu Perez, ni mimi, nifungulie, niko na watoto." Marehemu alikuwa ameshasimama, mkono uko kwenye komeo, na Mzee akamwambia kwa sauti ya chini, "Usifungue, Mama Bridgit. Wakimpata hapa watatuchoma na sisi." Njambi alibisha mara ya pili, akabisha mara ya tatu, kisha hatua zikasikika zikiondoka. Marehemu aliandika kwamba hakuna aliyemshika mkono, kwamba komeo lilikuwa jepesi, mtoto mdogo angeweza kulivuta, na kwamba Mzee asilaumiwe, kwa maana Mzee alisema tu, yeye ndiye hakufungua. Njambi na watoto walikata mashamba hadi kituo cha polisi, wakaishia kwenye kambi mjini, wakawa hai, ila nyumba yao ilichomwa siku iyo hiyo, na hakurudi tena Mlango Tatu.

Shule ilipofunguliwa mwishoni mwa Januari, darasa la sita lililokuwa na watoto hamsini na wanane lilikuwa na ishirini na watatu, na muhula wa pili, familia zilipoanza kutoka kambini, wakarudi wengine kumi na tisa, wakaja na sare za kupewa, wakaketi upande wa dirisha, wale waliobaki wakakaa upande wa mlango, na katikati pakawa na njia ambayo hakuna mtoto aliyeivuka. Marehemu alikuwa na daftari ambalo hakuandika maksi ndani yake, aliandika nani amemwazima nani raba, nani amekunywa kwa kikombe cha nani, nani amemsukuma nani kwenye foleni ya choo, na kwa wiki mbili za kwanza za Mei kurasa za raba na vikombe zilikuwa tupu.

Basi akatunga wimbo. Ulikuwa wimbo mfupi tu wa ng'ombe aliyepotea, upande mmoja unauliza, "Mmemwona ng'ombe wetu?" na upande wa pili unajibu, "Tumemwona, yuko mtoni," na aliugawa makusudi, wa dirishani waulize, wa mlangoni wajibu, ili usiweze kuimbika mpaka pande zote mbili zifungue vinywa. Jumatano ya kwanza alipiga ngoma dakika thelathini na tano, hakuna aliyeimba. Jumatano ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, watoto wawili watatu wa dirishani waliuliza, hakuna aliyejibu, na alirudi nyumbani akamwambia Mzee kwamba mabega yanamuuma kama mtu aliyelima ekari nzima.

Jumatano ya nne, tarehe 4 Juni 2008, msichana mmoja wa dirishani aliuliza peke yake, akauliza tena, na upande wa mlangoni akasimama Chepkorir, msichana wa miaka kumi na tatu, kiongozi wa kwaya tangu darasa la nne, akasema, "Mwalimu, mimi siwezi kumjibu. Kwao kulichomwa na watu wa kwetu. Nikimjibu nitamwambia nini?" Darasa zima likamwangalia mwalimu. Marehemu aliandika kwamba majibu yote ya chuo aliyaacha, akaiweka ngoma chini, akaketi kwenye dawati la mbele kama mwanafunzi, akawaeleza watoto wa darasa la sita habari za mlango wake, jina la Mwalimu Njambi, mara tatu alizobisha, komeo, yote, akamalizia kwa kusema, "Hata mimi niliulizwa na sikujibu. Sina la kuwafundisha hapo. Najua tu vile inauma ukinyamaza." Halafu yule msichana wa dirishani akauliza tena wimbo wake, kwa sauti ndogo, na Chepkorir akajibu, akilia, wakafuata watano au sita, si wote, na wengine hawakuimba hadi mwaka ukaisha.

Hatutawadanganya kwamba mambo yalinyooka. Wazazi walikuja ofisini, wa watoto wa mlangoni wakilalamika kwamba mwalimu anawaita wauaji mbele ya watoto, wa watoto wa dirishani wakisema anachezea machungu yao, na Mwalimu Wamalwa akamwandikia barua ya onyo, kisha yeye mwenyewe akaja kusimama nyuma ya darasa Jumatano iliyofuata. Wimbo ulipelekwa kwenye tamasha la muziki la eneo, wakawa wa nne, na mwamuzi akaandika kwamba sauti ni nzuri lakini watoto hawatabasamu. Marehemu aliisoma ile karatasi ndani ya basi la shule, akaikunja, akasema mwamuzi amesema kweli. Lakini kwenye daftari lake, tarehe 17 Julai, kuna mstari mmoja: Chepkorir ameazima raba upande wa dirishani, na hajairudisha, na hakuna aliyepigana.

Ilimchukua zaidi ya mwaka kuipata namba ya Mwalimu Njambi, aliyekuwa amehamia Nakuru, na tarehe 15 Agosti 2009 akapiga simu. Njambi alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nilisikia ukipumua nyuma ya mlango, Perez." Kisha akauliza, "Wale watoto wangu wa darasa la tatu wanaendelea aje?" Tangu siku hiyo walizungumza kila Krismasi, wakijuliana hali za watoto na za shule, lakini hawakuonana, na marehemu hakumwomba aje, alisema si haki kumwomba mtu arudi kwenye mlango huo.

Mwaka wa 2013 na wa 2017, kila uchaguzi ulipokaribia, alitunga wimbo mwingine wa kuulizana na kujibizana, akiwa amechoka zaidi kila mara, akisema ni kuteka maji kwa ungo, na bado akiteka. Alistaafu Agosti 2018. Mtaala mpya ulipoirudisha sanaa darasani, walimu vijana walifika hapa na vitabu vyao kumuuliza somo hilo linafundishwaje, naye akacheka mpaka akakohoa, halafu akawakalisha chini, akawafunza hadi jioni.

Ugonjwa wa sukari uligundulika mwaka wa 2014, ukaziingia figo, na kuanzia Machi 2021 alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, safari za kwenda na kurudi mjini zilizommaliza nguvu, hadi Jumapili tarehe 5 Februari 2023, saa nne asubuhi, alipotuacha, Mzee akiwa kando yake. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka miwili bila kumchoka, majirani wa Kapseret waliomsindikiza kliniki kwa zamu, mwendesha boda boda aliyekuwa akiendesha polepole kwa ajili yake, walimu wa Mlango Tatu, na wanafunzi wake wa zamani ambao tangu juzi wanaingia kwenye boma hili kutoka kila upande, wengine hatuwajui hata majina.

Mwalimu Perez, miaka thelathini na saba umesimama mbele ya watoto wa watu. Sasa kaa chini, Mwalimu. Pumua. Amani ya Mungu ikukalie.