Sista Elieth na Damu ya Kila Jumanne

Tarehe 27 Juni 1997 Sista Elieth Chilongani anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuguza wagonjwa wa akili hapa Dodoma. Wauguzi wenzake wameniomba niandike kwa niaba ya familia za wagonjwa.

Ni mzaliwa wa Kibakwe. Kicheko chake husikika hadi jikoni, na kila sikukuu, Idi au Krismasi, huwanyoa wagonjwa mwenyewe. Lakini tutamkumbuka zaidi kwa utafiti wa Daktari Batholomeo kuhusu skizofrenia isiyosikia dawa. Dawa za kawaida huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, ila kwa wagonjwa wengine hazinyamazishi sauti wanazozisikia vichwani. Kaka yangu Abdulwahab alikuwa mmoja wao. Dawa mpya aliyoijaribu Daktari ilidai damu ipimwe kila Jumanne, kwa sababu inaweza kuua chembe nyeupe zinazoukinga mwili.

Mama yetu alitoka Kondoa. Aliposikia habari ya damu, alimshika kaka mkono waondoke.

“Mumiani nyie! Mnaiuza wapi?”

Sista akakunja mkono wa gauni. “Nianze mimi, Mama Abdu. Wakiiuza, tutagawana.”

Mama akacheka bila kupenda. Tangu hapo, kila Jumanne Sista alitolewa damu kwanza, sisi tukitazama.

Baada ya miezi michache kaka aliniita kwa jina, akaniuliza habari za shule. Jumanne iliyofuata chembe nyeupe zilikutwa zimeshuka. Sista akaifungia dawa kabatini.

Sasa mama ndiye aliyepiga magoti. “Sista, usinirudishie yule wa zamani! Nitainunua mjini, maduka ya dawa siku hizi yamejaa.”

“Nikikupa leo, akapata homa tu, tutamzika na akili zake timamu. Inuka, mama.”

Sauti zilirudi. Kaka alimwita Sista mchawi, akamtemea uji. Sista alijifuta uso, akaendelea kumpima joto na damu hadi chembe zikapanda, na Daktari akairudisha dawa kidogo kidogo.

Kaka hajapona kabisa. Anauza alizeti na mama sokoni Kondoa, na anasema sauti zimekuwa kama redio ya jirani.

Sista Elieth, asante kwa kumpa kaka dawa, na asante zaidi kwa kumnyima siku ile. Mungu akujalie afya njema na usingizi mnono.